Pimbi na Tai Walivyogombea Jiwe la Jua

Wenyewe mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

— Haya hapa!

Na midomo?

— Tumeifunga!

Waongo nyie, nawasikia mnatafuna. Haya, tafuneni polepole, nami nitasema polepole, na atakayenikatiza namwachia hadithi aimalize mwenyewe.

Hapo kale, huko kwetu, palikuwa na korongo. Nasema korongo, sisemi kijishimo cha kuchimbwa na mvua za mwaka jana. Magenge mekundu huku, magenge mekundu kule, na chini kabisa kijito chembamba kinachong'aa. Ukidondosha kokoto ukiwa juu, unapiga chafya, unajifuta pua, unamsalimia jirani, ndipo unasikia kule chini: ti! Wapo wanaosema ni mahali pabaya. Hao magoti yao ni mabovu, msiwasikilize.

Basi korongoni humo, kipupwe kikiingia, baridi ilikuwa haina adabu. Iliingia kwenye mwamba, ikaingia kwenye manyoya, ikaingia kwenye mifupa na kukaa humo mpaka adhuhuri. Na adhuhuri ndipo jua lilipofika kwenye mashimo ya wanyama. Adhuhuri! Mtoto mchanga hawezi kungoja adhuhuri.

Lakini palikuwa na jiwe moja. Jiwe pana, bapa, limechomoza ubavuni mwa genge, na ncha yake imetokeza hewani. Hilo ndilo lililopata jua kabla ya mahali pengine popote. Asubuhi na mapema, wakati korongo zima bado linatetemeka, jiwe hilo lilikuwa tayari lina joto. Wakaliita Jiwe la Jua.

Chini ya jiwe hilo, kwenye ufa, aliishi Bi Nyamizi, naye alikuwa pimbi. Mnamjua pimbi? Mfupi. Mnene. Mkia hana. Ukimwona kwa mbali unadhani ni sungura aliyesahau kuchukua masikio. Lakini pimbi ana kitu kimoja ambacho simba hana na tembo hana: analitazama jua usoni bila kukunja uso. Bi Nyamizi alilitazama jua kila asubuhi, wazi kabisa, na jua ndilo lililoona haya.

Mwaka huo Bi Nyamizi alikuwa na watoto watatu, wadogo, wa majuzi tu. Usiku kucha aliwakumbatia, na asubuhi aliwatoa mmoja mmoja kwa mdomo, akawaweka juani. Wakiota jua, wanachangamka. Wasipoota jua, basi. Mama yeyote korongoni alijua hesabu hiyo na hakuna aliyependa kuisema kwa sauti.

Sasa, kila kipupwe wadogo wa korongoni walikuwa na siku yao. Waliiita Siku ya Kutaja. Asubuhi ya kwanza isiyo na ukungu, walipanda kwenye Jiwe la Jua, wakakaa kimya, wakatazama ndege. Anayemwona ndege anamtaja. Atakayetaja ndege wengi ndiye Mwenye Jiwe kwa kipupwe kizima, na Mwenye Jiwe ndiye anayesema nani aote na nani asiote. Kila mwaka alishinda Bi Nyamizi, kama mama yake alivyoshinda, kama bibi yake alivyoshinda. Na kila mwaka alisema neno lile lile: “Njooni wote, sogeleaneni.”

Sheria zilikuwa nne. Lazima umwone ndege kutoka juu ya jiwe. Lazima mashahidi wawili nao wamwone. Ndege aliyekwisha kutajwa hatajwi tena. Na siku hiyo hakuna anayemla mwenzake, mpaka jua liguse maji ya kijito kule chini. Jua likigusa maji, kutaja kumekwisha, na kila mtu ashike njia yake upesi.

Basi siku ikafika. Akapanda Bi Nyamizi, puu, puu, puu. Akapanda shoga yake Mbuzimawe, yule mnyama mwepesi anayetembea kwa ncha za kwato, ko, ko, ko. Akapanda Kaka Mjusi mwenye kichwa chekundu, papara papara, akafika akapiga pushapu zake tatu kama kawaida yake.

“Baridi ya leo, jamani!” akasema Mbuzimawe. “Kwato sizisikii.”

“Mimi mkia siusikii,” akasema Mjusi.

“Mimi mkia sina, kwa hiyo sina shida,” akasema Bi Nyamizi. “Kaeni kimya. Kitwitwi anateremka majini.”

Wakakaa kimya. Kitwitwi akatua kando ya kijito, akatikisa mkia, twi, twi.

“Nimemwona!” akasema Bi Nyamizi.

“Nani?” wakauliza wenzake.

“Kitwitwi!”

“Mashahidi?”

“Tumemwona!”

Mbuzimawe akasukuma kokoto moja kwa ukwato, tik! Hivyo ndivyo walivyohesabu. Moja ya Bi Nyamizi.

Wakati huo huo Bi Nyamizi akainua uso kulitazama jua. Katikati ya jua akaona kidoa cheusi. Wengine hawakuweza kukiona, nani awezaye kutazama huko? Kidoa kikakua. Kikaota mabawa.

“Tai!” akapiga kelele. “Jificheni!”

Vuuuuuu... pwa!

Walikuwa hawajageuka hata nusu. Tai alikuwa amekwisha kutua juu ya jiwe. Mweusi, mkubwa, kucha zake zinakwaruza mwamba, kwaru, kwaru. Mjusi akajibana kwenye mwamba akawa bapa kama chapati. Mbuzimawe akasimama na kusahau kupumua. Bi Nyamizi miguu ilitaka kukimbia, akaizuia. Lile lilikuwa jiwe la mama yake, na siku ile ilikuwa Siku ya Kutaja.

“Shikamoo, Bwana Tai,” akasema.

“Marahaba,” akasema Tai. “Nimesikia leo mnataja ndege.”

“Ndiyo, mkubwa.”

“Na anayeshinda anachukua jiwe.”

“Ndiyo, mkubwa.”

“Kipupwe kizima.”

“Kipupwe kizima, mkubwa.”

Tai akalitazama jiwe. Akalipima kwa macho, urefu, upana. “Meza nzuri,” akasema. “Imetandazwa vizuri. Kila asubuhi chakula kinapanda chenyewe na kujipanga. Ninachotaka ni kuwa mwenye meza tu. Nami natangaza kwamba nataja.”

Mnaelewa alichokuwa anasema? Tai akishinda, atakayepanda jiweni kuota jua ataliwa, na atakayebaki ufani atakufa kwa baridi. Bi Nyamizi alielewa neno kwa neno. Akawafikiria watoto wake watatu mle ndani, wamerundikana wanatetemeka, wanangoja mama amalize awatoe.

Angemkataza? Sheria haikuwa na kipengele cha kumkataza mtu mwenye macho. Na macho ya Tai, nani asiyeyajua.

“Karibu utaje, Bwana Tai,” akasema. “Ila unajua mwiko wa leo. Hatuliwi.”

“Mpaka jua liguse maji,” akasema Tai, akatabasamu, kama mdomo ule unaweza kutabasamu. “Naujua. Sina haraka.”

“Na tukilingana je?” akauliza Bi Nyamizi.

“Tukilingana tutapigana.”

Wote wakaitazama mikono ya Bi Nyamizi. Mnakumbuka nilivyosema alikuwa mfupi? Basi na mikono ilikuwa mifupi.

Tai akanyoosha shingo. “Nimemwona!”

“Na-na-nani?”

“Tumbusi! Kule juu ya mlima wa saba!”

Mjusi akatazama. Mbuzimawe akatazama. Mlima wa saba! Waliona milima miwili, wa tatu ulikuwa moshi moshi tu.

“Mashahidi?” akauliza Tai. Akainua mguu mmoja, akafungua kucha, akazifunga.

“Tu... tumemwona, Bwana Tai.”

Tik!

“Nimemwona! Heroe, yule mwekundu wa miguu mirefu, kule ziwani!”

Ziwa lilikuwa safari ya siku mbili. “Mashahidi?”

“Tumemwona, Bwana Tai. Wekundu wake huo!”

Tik!

“Nimemwona! Mbuni, kule uwandani, anakimbia! Nimemwona! Bata! Nimemwona! Kanga! Nimemwona! Mwewe! Nimemwona! Hondohondo! Nimemwona! Kipanga!”

Tik! Tik! Tik! Tik! Tik! Tik!

Nane. Tai ana nane, Bi Nyamizi ana moja. Mwanga wa jua ulikuwa unashuka ukutani mwa korongo, polepole, kuelekea majini.

Bi Nyamizi akawageukia wenzake, sauti chini, meno yanaonekana. “Nyie! Mmeona kitu nyie?”

“Shoga yangu, mimi nimeona kucha,” akanong'ona Mbuzimawe.

“Mkia nikinyofolewa utaota mwingine,” akasema Mjusi. “Shingo je, Bi Nyamizi? Shingo inaota?”

Aliwakasirikia, kweli aliwakasirikia. Halafu akayatazama yale magoti ya Mbuzimawe yalivyokuwa yanagongana, hasira ikamshuka. Waliogopa, basi. Hata yeye aliogopa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na watu watatu ufani.

Akatazama kijitoni. Hakuna ndege. Akatazama vichakani. Hakuna ndege. Korongo zima lilikuwa limenyamaza tangu Tai alipotua, maana ndege wadogo hawana wazimu. Sasa utataja nini, wakati kila mwenye mabawa amejificha?

Hapo ndipo Bi Nyamizi alipokumbuka kwamba yeye ni nani. Yeye ni pimbi wa korongoni, mtoto wa pimbi wa korongoni. Tai alijua kutazama mlima wa saba. Pimbi alijua kutazama pua yake inapoishia. Akainamisha kichwa, akapekua jiwe kwa macho, kipande kwa kipande, jani kwa jani, mpaka akafika miguuni pa Tai.

“Nimemwona!”

Tai akashtuka. “Nani? Wapi?”

“Mpasuasanda! Yule wa kuruka usiku. Amelala hapo, kando ya ukucha wako wa kushoto. Bado kidogo umkanyage.”

Tai akainama. Akaona mwamba. Akaona majani makavu. Majani makavu yakafumbua jicho moja.

“Mashahidi?”

“Tumemwona!” Na safari hii sauti zao zilitoka vizuri, maana walimwona kweli. Tik! Mpasuasanda akaona mambo si mambo, akaruka, fuu, akaenda kulala kwingine.

“Mbili,” akasema Tai. “Hongera. Bado sita, na jua haliko mbali.”

Bi Nyamizi akakaa. Akajikuna. Akasema, kama mtu anayejisemea tu, “Ila nasikitika, Bwana Tai. Umeketi mahali pa hovyo.”

“Hovyo vipi?”

“Hapo nyuma, kwenye kivuli cha genge! Mwenye meza anaketi kule? Sisi wadogo ndio tunaojibana huko. Mwenye meza anaketi pale nchani, kwenye jua, kifua mbele, korongo zima limwone. Lakini labda wewe hupendi kuonekana.”

“Nani hapendi kuonekana?” akasema Tai.

Akatembea mpaka nchani, kwaru, kwaru, kwaru. Akasimama juani. Akatoa kifua. Akafungua mabawa yake yote mawili yang'ae.

“Hivi?”

“Hivyo hivyo! Inua na kichwa kidogo. Oho! Wanaume wapo!”

Tai akainua kichwa. Na akaonekana, ndugu zangu. Alionekana kutoka juu, alionekana kutoka chini, alionekana kutoka kila tundu na kila kichaka. Sasa mimi nawauliza, nyie mnaofuga kuku: kunguru akimwona tai ametulia mahali pa wazi, anafanya nini? Anamwacha? Thubutu! Tai akiwa angani anaogopwa. Tai akiwa ametua, kila ndege mwenye kinyongo naye anakuja kumdai watoto wake.

“Kraa!”

Kunguru wa kwanza akashuka kutoka gengeni na kumpiga Tai kichwani, pa!

“Nimemwona!” akapiga kelele Bi Nyamizi. “Kunguru! Mashahidi?”

“Tumemwona!” Tik!

“Toka hapa, mshenzi we!” akasema Tai. Hajamaliza, akaja mweusi mwingine, mwenye mkia uliopasuka mara mbili, akamnyofoa unyoya wa shingo.

“Nimemwona! Mramba!”

“Tumemwona!” Tik!

Wakaja wengine. Wakaja wakipiga kelele, kraa, chrr, twii, pa, pa, pa! Tai akafunika kichwa kwa bawa la kulia, wakampiga kushoto. Akafunika kwa bawa la kushoto, wakampiga kulia. Alijifunika macho yake yale makali, yaliyoona mpaka mlima wa saba, na sasa hakuona hata mdomo wake mwenyewe.

“Nimemwona! Mbayuwayu!”

“Tumemwona!” Tik!

“Nimemwona! Tiva!”

“Tumemwona!” Tik!

“Nimemwona! Shore!”

“Tumemwona, tena anatukana!” Tik!

Mwisho kabisa akaja mmoja mdogo, chozi, yule wa kunyonya maua, ambaye ukimfumba kiganjani haonekani. Naye akamdonoa Tai mgongoni, dii! Akaondoka anaringa.

“Nimemwona! Chozi!”

“Tumemwona!” Tik!

Nane kwa nane. Mjusi akapiga pushapu sita bila kujijua. Mbuzimawe alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Na Bi Nyamizi alijisikia mrefu kuliko genge.

Lakini Tai ni Tai. Akatoa bawa usoni, akafungua mdomo, akapiga ukelele mmoja: KYAAAAA! Korongo likatikisika. Kunguru wakatawanyika, mramba akapotea, mbayuwayu wakaingia kwenye nyufa. Kimya. Hata kitwitwi aliondoka kijitoni. Hapakubaki bawa lolote hewani.

Tai akajipangusa manyoya yaliyosimama. Alihema. Akatazama ukutani mwa korongo. Mwanga wa jua ulikuwa umebakiza kimo cha mbuzi kufika majini.

“Nane kwa nane,” akasema. “Tumelingana. Na nilisema nini tukilingana?”

“Tutapigana,” akasema Bi Nyamizi.

“Jua likigusa maji, mwiko umekwisha, na hapo hapo tunapigana. Sitachukua muda. Halafu nitashuka humo ufani. Nasikia sauti za vitu vidogo vidogo.”

Mbuzimawe akaacha kucheka. Bi Nyamizi akautazama ufa wake. Hajawahi kuogopa vile, wala hataogopa tena vile maishani mwake. Lakini aliogopa akiwa anafikiri, na huko ndiko kuogopa kunakofaa.

“Sawa, Bwana Tai,” akasema. “Lakini bado kuna muda kidogo. Sitaki kesho watu waseme nilikupunja. Hebu tazama, labda kuna ndege mmoja amebaki. Wewe ndiye mwenye macho.”

Tai akatazama juu. “Hakuna.”

“Chini?”

“Hakuna.”

“Vichakani? Kule mlimani? Hapa jiweni? Tazama vizuri, mkubwa wangu.”

Tai akageuza kichwa huku, akageuza kule, akazungusha shingo mpaka ikarudi ilikotoka. “Hakuna ndege hata mmoja katika korongo hili,” akasema. “Nimetazama kila mahali.”

“Una hakika?”

“Naapa kwa macho yangu!”

Mwanga ulikuwa umebakiza kimo cha pimbi. Bi Nyamizi akajivuta, akasimama kwa miguu ya nyuma, kitu ambacho pimbi hafanyi ila akiwa na jambo.

“Nimemwona!”

“Muongo!” akasema Tai. “Nani?”

“Tai!”

Tai akageuka kutazama nyuma yake.

“Tai gani?” akauliza Tai.

“Mweusi, mkubwa, amesimama nchani mwa jiwe. Kichwani ana kipara kidogo alichoachiwa na kunguru. Mashahidi?”

Sasa hapo, jamani, msiwacheke. Tai akawageukia wale wawili. Akafungua kucha na kuzifunga, kwaru. Mjusi akatazama kucha. Akatazama ufa wa Bi Nyamizi.

“Nimemwona,” akasema Mjusi. “Naye... naye ananiona.”

“Na wewe?” Tai akamwuliza Mbuzimawe.

Mbuzimawe alikuwa anatetemeka kuanzia pembe mpaka kwato. “Ninamwona,” akasema. “Hata nikifumba macho ninamwona!” Na kwa ukwato ule ule uliokuwa unatetemeka akasukuma kokoto.

Tik!

Tisa.

“Hiyo haihesabiwi!” Tai akafoka. “Mnanitaja mimi pamoja na shore na kitwitwi? Mimi! Mimi si ndege, mimi ni mkubwa wa korongo! Ndege ni hivi vitu vinavyokula wadudu!”

“Ah!” akasema Bi Nyamizi. “Samahani, basi. Kumbe si ndege.”

“Si ndege!”

“Mbuzimawe, shoga yangu, rudisha kokoto.” Mbuzimawe akanyoosha ukwato. “Ila sasa, Bwana Tai, kuna kijambo. Juu ya genge, pale penye kiota chako, ni pa ndege. Tangu zamani ufani ni kwa pimbi, mtelemkoni kwa mbuzimawe, juu kabisa ni kwa ndege. Kumbe miaka yote hii umekaa pale na wewe si ndege? Kunguru hawajui hili. Wangejua! Itabidi uhamie kule chini nyasini, ulale na fisi.”

Kutoka kwenye ufa mmoja wa juu, kunguru mmoja akasema, kwa sauti ya taratibu sana, “Kraa?”

Tai akatazama juu kwenye kiota chake. Akatazama chini nyasini. Mwanga ulikuwa umebakiza kimo cha mjusi.

“Mimi ni ndege,” akasema, ndani ya manyoya.

“Sijasikia,” akasema Bi Nyamizi. “Na Kaka Mjusi masikio yake mnayajua, ni matundu tu. Kaka, umesikia?”

“Sijasikia kitu,” akasema Mjusi.

“Nimesema MIMI NI NDEGE!”

Makorongo ya kwetu, ukiyapa neno hayalimezi. Genge la huku likasema: ni ndegeee! Genge la kule likajibu: ni ndegeee! Bonde la mbali likamalizia: ndegeee... ndegeee... Na kutoka kwenye kila ufa, kila tundu, kila kichaka, ndege wote wa korongo, wale waliotajwa na wale ambao hawakutajwa, wakaangua kicheko. Chozi ndiye aliyecheka kuliko wote.

Jua likagusa maji.

“Tisa kwa nane,” akasema Bi Nyamizi. Sauti yake haikutetemeka, ingawa mwiko ulikuwa umekwisha na Tai alikuwa hatua moja tu. “Mimi ndiye Mwenye Jiwe. Na nasema Bwana Tai haoti hapa. Kwaheri, mkubwa.”

Tai akainua mguu. Ukucha mmoja ukafika mbele ya pua ya Bi Nyamizi. Yeye akautazama wazi, kama alivyolitazama jua kila siku. Juu ya genge kunguru wakatoka, wawili, wakawa sita, wakawa ishirini, wakapanga mstari na kunyamaza. Kunguru akinyamaza, ujue amekwisha kuamua.

Tai akashusha mguu. Akajitupa kutoka nchani, vuuuu, akaenda zake, na kunguru ishirini nyuma yake. Mpaka leo, ukimwona tai anapita angani na kunguru anamfuata kwa nyuma, tazama vizuri: anamkumbusha jina.

Bi Nyamizi akaingia ufani. Akamtoa wa kwanza, akamtoa wa pili, akamtoa wa tatu. Wa tatu alikuwa amepoa. Akamlaza pale nchani, mahali penye jua kali kuliko pote, akamlamba, akamlamba, huku Mbuzimawe na Mjusi wakimkinga upepo. Mtoto akachezesha mguu. Akapiga chafya. Akaanza kulilia maziwa kwa sauti kubwa ajabu kwa mwili ule.

“Sauti ya mama yake hiyo,” akasema Mjusi.

“Na ya bibi yake,” akasema Bi Nyamizi. Kisha akageukia korongo zima na kusema lile neno linalosemwa na Mwenye Jiwe: “Njooni wote, sogeleaneni!”

Nimeichukua korongoni, nimeileta mpaka hapa bila kuimwaga. Asiyeshiba akakoroge ya kwake.

Na funzo lake? Lipo, tena wazee wameniagiza nisilisahau. Funzo la hadithi hii ni kwamba wadogo wanyamaze mbele ya wakubwa, wasibishane nao, wasiwatazame usoni, na kamwe, kamwe, wasiwataje majina yao hadharani.